Miba Hadi Pezi la Mgongo

Saa saba na dakika kumi mchana, midomo ya fundi cherehani ilianza kufa ganzi. Saa hiyo haina shaka, kwa sababu mumewe ni fundi saa na duka lake limepakana na la mkewe, ukuta mmoja wa mbao kati yao. Alisikia mkewe akisema, "We, hebu njoo unitazame mdomo," akainua macho, na saa zote tano zilizotundikwa mbele yake zilikuwa zinakubaliana.

Dakika nne baadaye simu iliita katika chumba cha samaki cha makumbusho, orofa ya chini, ambako dada mkubwa wa fundi cherehani alikuwa akipima urefu wa dagaa kwa koleo na rula. Dada huyo ndiye aliyetunza mkusanyo wa samaki kwa miaka ishirini na miwili. Wafanyakazi wenzake walimwita Bi Chupa, kwa vile alishinda na chupa elfu tisa za samaki waliolowekwa kwenye spiriti, na kwa vile, walisema, ukimgonga naye analia kama kioo na hafunguki.

"Dada, midomo imelala," alisema mdogo wake, kicheko kikiwa hakijamwishia. "Kama nimetoka kung'olewa jino."

"Umekula nini?"

"Hata salamu hakuna?"

"Umekula nini?"

"Bunju. Yule wako wa kwenye karatasi. Mama Kisu kaniuzia wanne, kashawachuna, weupe kama vidole vya mtoto mchanga. Nimekaanga wote nikala peke yangu, maana shemeji yako samaki hamgusi tangu mwiba umkwame utotoni. Sasa unanikaripia?"

"Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Dada, unanitisha."

"Vidole vya mikono vikoje?"

Bi Chupa alisikia cherehani ikizunguka taratibu na kusimama.

"Nimejidunga sindano mara mbili," mdogo wake alisema polepole. "Naona damu kwenye kitambaa. Sikusikia kitu."

"Mpe mumeo simu."

"Kuna gauni la bibi harusi hapa, pindo bado, mwenyewe anakuja saa kumi..."

"Mpe mumeo simu!"

Shemeji alipopokea, aliambiwa maneno matatu: hospitali, sasa hivi. Hakuuliza kwa nini. Katika miaka yote ya ushemeji wao hakuwahi kumsikia Bi Chupa akipaza sauti.

Bi Chupa aliweka simu chini. Kisha akajilazimisha kufuata alichokijua.

Kwenye bahari ile, kutoka mji huo hadi mbali kaskazini, walitajwa bunju wadogo wa aina mbili wanaofanana kama pacha. Wote hawazidi shibiri moja. Wote wana mgongo wa kijivu, ubavu unaong'aa kama bati jipya, tumbo jeupe linalovimba wakiguswa, na meno manne yaliyoungana kuwa mdomo wa kasuku. Rangi ya mkia hutofautiana kidogo, lakini samaki akishakaa barafuni nusu siku, au spiritini wiki moja, rangi hiyo si ya kuaminiwa. Alama ya hakika ni moja. Mgongoni kuna miba midogo sana ambayo jicho huipita bila kuiona, lakini ukucha huisikia. Kwa bunju laini, miba huanza kati ya macho na kukoma mapema, ikaacha nafasi tupu ya upana wa vidole viwili kabla ya pezi la mgongo. Kwa bunju msasa, inaendelea bila kukatika hadi kwenye pezi lenyewe.

Tofauti nyingine iko ndani. Nyama ya bunju laini ilipimwa, samaki thelathini, haikukutwa na kitu. Nyama ya bunju msasa ina sumu, haba au nyingi kufuatana na msimu, inayonyamazisha mishipa ya fahamu, ikianzia midomoni na vidoleni, na kumalizia kwenye misuli ya kupumulia. Kupika hakuiondoi. Dawa yake haijapatikana. Aliyeila huponea kwenye mashine ya kupumulia, mpaka mwili uitoe sumu wenyewe, au haponi.

Na bunju msasa hakuwepo katika maji ya mji huo. Ndivyo karatasi ilivyosema. Ilibandikwa miaka sita iliyopita kwenye soko la samaki, kwenye zahanati, hospitalini na shuleni, ikiwa na picha, ramani, na sahihi ya Bi Chupa mwenyewe. Ramani ilipaka wino mwekundu kwenye eneo la bunju msasa, na wino huo ukakoma mbali kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa meli. Chini yake iliandikwa: bunju mdogo anayepatikana hapa ni laini, akichunwa na kutolewa matumbo, nyama yake huliwa.

Alisimama. Miguu ilimpeleka kwenye rafu ya mwisho, nyuma ya mlango, ambako ziliwekwa chupa za samaki ambao asili yao haikuwa na uhakika. Hakuhitaji kutafuta. Miaka tisa alikuwa ameipita chupa ile kila siku, na kila alipoipita aliangalia upande mwingine.

Ndani yake mlikuwa na samaki mmoja, rangi imemtoka, jicho limekuwa kama punje ya mchele. Mvuvi ndiye aliyemleta, akasema amemkamata hapa hapa, nyuma ya mwamba wa mnara wa taa. Kwenye kibandiko, kwa mwandiko wa Bi Chupa, palisomeka: *Mahali alipokamatwa: si hakika. Mtawanyiko wa spishi haufiki huku. Huenda aliletwa ndani ya barafu kutoka kaskazini.*

Alifungua, akamtoa kwa koleo, akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kati ya macho kwenda nyuma. Ukucha ulikwaruza. Ukaendelea kukwaruza. Ulifika kwenye pezi ukiwa bado unakwaruza.

Siku ile, miaka tisa iliyopita, alikuwa ameisikia miba ile ile kwa ukucha ule ule. Kisha akafungua ramani, ramani ikamwambia haiwezekani, naye akaiamini ramani. Aliwafundisha vijana wa chuo kila mwaka kwamba samaki ndiye anayechora ramani, kamwe ramani haimchori samaki. Aliwafundisha hivyo chupa ikiwa hatua sita nyuma yake.

Saa saba na dakika hamsini na tano simu iliita tena. Ilikuwa namba ya shemeji lakini sauti ya mtu mwingine, kijana, imechoka.

"Mimi ni daktari wa zamu. Shemeji yako anasema wewe ndiye wa samaki."

"Ndimi. Anaendeleaje?"

"Anaongea, presha si mbaya. Ana ganzi ya midomo na vidole, na anahema harakaharaka. Mtu akishikwa na hofu akahema hivyo, ganzi ya namna hii huja yenyewe. Amekuja hapa akilia kwamba dada yake amempigia kelele."

"Hiyo si hofu. Ni sumu ya bunju."

"Mama, karatasi yako iko ukutani kwangu. Naisoma hapa. Inasema bunju wa hapa hana sumu kwenye nyama."

Bi Chupa alifumba macho.

"Sikiliza, mnayo mashine ya kupumulia?"

"Ipo moja. Saa tisa kamili gari linaipeleka hospitali ya pili, ina mgonjwa wa upasuaji kesho asubuhi. Gari lishafika, dereva anakunywa chai. Ili niizuie lazima niandike sababu ya kitabibu, mganga mkuu aisaini."

"Izuie. Nakuomba."

"Kila ndugu ananiomba, mama. Ningekuwa nazuia kwa kuombwa, isingetoka hapa mwaka mzima." Hakuwa mkali; alikuwa anasema ukweli. "Wewe ni mtaalamu. Uniambie huyu samaki ni yupi na umejuaje, nitaandika hivyo hivyo. Una ushahidi?"

Angeweza kusema anao. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini chupa ya miaka tisa ilithibitisha samaki wa miaka tisa iliyopita, haikuthibitisha aliyekaangwa leo. Na endapo mganga mkuu angeuliza swali la pili, uongo ungeanguka, na mashine ingeondoka nao.

"Nipe mpaka saa tisa kasorobo," alisema.

Alitia chupa kwenye mkoba, ikiwa imefunikwa vibaya, spiriti ikimlowesha ubavu, akatoka mbio. Bawabu wa makumbusho alisimama kwenye kiti. "Bi Chupa, kuna moto?" Hakujibiwa.

Soko la samaki lilikuwa mitaa minne mbele, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikimbia akiwa na viatu vya ofisini, na njiani alipiga hesabu asiyotaka kuipiga. Mlo saa sita na nusu. Midomo saa saba na kumi. Vidole saa saba na robo. Kama ni msasa, miguu ingefuata kabla ya saa nane na nusu, halafu ulimi, halafu kifua. Aliikataa hesabu, ikarudi. Kwenye kona alianguka goti moja, akahisi chupa kwanza kama imepona, ndipo akasimama.

Ugumu wenyewe alikuwa ameuona tangu alipoanza kukimbia: mdogo wake amenunua samaki waliochunwa. Alama yote iko kwenye ngozi. Minofu minne iliyoliwa haikuwa na jina, na mifupa isingesema kitu bila siku nzima ya hadubini. Alihitaji ngozi, na ilikuwa saa nane na dakika ishirini, na soko huosha meza zake saa nane.

Meza zilikuwa zimeshaoshwa. Maji yalikuwa bado yanateremka kwenye mfereji wa saruji. Mama Kisu, mwanamke mnene mwenye aproni ya turubai, alikuwa amekaa juu ya kreti, sufuria ikichemka kwenye jiko miguuni pake. Alipata jina hilo kwa sababu alimchuna bunju kwa mkato mmoja wa shingoni na mvuto mmoja, ngozi ikatoka nzima kama soksi.

"Mwalimu! Leo umekuja na miguu yako? Kaa, mchuzi unakaribia."

"Ngozi ziko wapi?"

"Ngozi za nini?"

"Za bunju. Za leo. Zile ulizochuna kwa ajili ya mdogo wangu."

Mama Kisu aliangalia goti linalovuja damu, akaangalia mkoba unaonuka spiriti. "Umepatwa na nini, mwalimu? Takataka zilishachukuliwa. Gari limepita saa nane kasorobo."

Bi Chupa alishika ukingo wa meza. Saruji ilikuwa ya baridi na imelowa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa utulivu wa ajabu, "Zote?"

"Matumbo na vichwa vyote. Ngozi situpi, nitupe kwa nini? Hizo ndizo zinanisugulia masufuria." Alielekeza kisu nyuma yake. "Zile pale."

Kando ya bomba, kwenye msumari uliopigwa ukutani, zilitundikwa ngozi kumi na kitu kwenye waya, za juu zimekauka na kujikunja, za chini bado zinadondosha maji. Chini yake masufuria yalikuwa yamepangwa kifudifudi, matako yake yanang'aa.

"Zamani zilikuwa hazifai," Mama Kisu aliendelea, akifurahia kuulizwa. "Kila ngozi ina kipande cha kusugulia kidogo tu, hapo kisogoni, huku chini inateleza. Unamaliza ngozi tano, sufuria bado ina masizi. Lakini tangu msimu uliopita, wallahi, wanakuja wakali mgongo mzima! Moja tu inatosha. Nikawaambia wenzangu, bunju wa siku hizi wameota ndevu." Alicheka. Kicheko kikamkatikia njiani. "Mbona unanitazama hivyo?"

Bi Chupa alikuwa ameshaifikia waya. Alichomoa ngozi ya mwisho, yenye unyevu, akaitandaza juu ya meza, upande wa nje juu. Kipande cha pezi la mgongo kilikuwa bado kimeshikamana nayo. Aliweka ukucha kwenye ukingo wa kisogo, pale kichwa kilipokatwa, akauvuta. Ulikwaruza mpaka kwenye pezi. Akachukua ya pili: mpaka kwenye pezi. Ya tatu. Ya nne. Akatoa chupa, akamlaza samaki wa miaka tisa kando yao, akahesabu safu za miba kwa kioo cha kukuzia alichovaa shingoni. Zililingana.

Kwenye ngozi kumi na tatu, mbili tu zilikuwa laini, zote mbili kavu, za siku za nyuma.

"Kwenye sufuria kuna nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Si hao hao bunju. Watatu niliowachuna walibaki, nikasema nisi..."

"Umeonja?"

"Chumvi tu. Bado."

"Mwaga."

Mama Kisu hakuuliza tena. Aliinua sufuria kwa aproni, akaimwaga yote kwenye mfereji, na mfuniko ukamponyoka ukabingirika hadi mlangoni.

"Leo umewauzia nani wengine?"

"Mdogo wako tu ndiye aliyechukua. Wengine hawajachunwa, wako kwenye barafu. Mwalimu, mimi nimefuata karatasi yako. Niliisoma mwenyewe. Ulisema wa hapa ni salama."

"Najua nilichosema."

Saa nane na dakika thelathini na nane alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Ikaita mara tisa, na kila mlio alijiambia kwamba hawapokei kwa sababu wana kazi nyingi, na kila mlio alijua ni kazi gani.

Shemeji ndiye aliyepokea. "Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Saa nane na nusu miguu ilikataa. Nane na thelathini na nne akaanza kuongea kama mlevi. Sasa haongei. Ananiangalia tu."

"Mpe daktari simu. Mkimbilie. Sasa hivi!"

Alisikia hatua, mlango, kitanda cha magurudumu. Kisha pumzi ya kijana yule.

"Naandika," daktari alisema. Uchovu ulikuwa umemtoka. "Sema."

"Bunju msasa. Ngozi za sokoni, kumi na moja kati ya kumi na tatu, na za leo zote, zina miba hadi pezi la mgongo, bila kukatika. Nimelinganisha na sampuli ya makumbusho. Nyama yake ina sumu. Itafika kwenye kifua ndani ya saa moja, pengine chini ya hapo."

"Na karatasi? Mganga mkuu ataniuliza. Inasema hafiki huku."

Mama Kisu alikuwa amesimama karibu naye, kisu mkononi, anasikia kila neno.

"Karatasi imekosea," alisema Bi Chupa. "Aliletwa kwangu miaka tisa iliyopita, nikamkataa kwa sababu ramani ilimkataa. Andika jina langu. Andika kwamba kosa ni la aliyetia sahihi."

Kalamu ilisikika kwenye karatasi. Halafu daktari akamwita mtu kwa sauti kuu, akitaja gari na dereva na geti, na simu ikakatika.

Mashine ilikuwa imeshapakiwa. Hilo Bi Chupa aliambiwa baadaye na dereva mwenyewe, ambaye alikuwa amewasha gari na kulizima tena kwa sababu alikumbuka hajarudisha kikombe cha chai. Saa nane na dakika hamsini na mbili waliishusha.

Alipofika wodini ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Mdogo wake alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, chaki ya fundi cherehani bado ipo chini ya kucha zake. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo sana, kikishuka, kikingoja. Mara kikangoja muda mrefu kuliko ilivyostahili. Daktari hakusubiri zaidi. Saa tisa na dakika kumi na tisa bomba lilikuwa limeingia kooni na mashine ndiyo iliyokuwa ikimhemea, kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama saa.

"Anasikia," daktari aliwaambia wote wawili, akijifuta uso. "Hilo ndilo baya la sumu hii. Hawezi kupepesa hata ukope, lakini akili iko macho. Chungeni mnachosema mbele yake."

"Ataamka lini?" shemeji aliuliza.

"Hajalala." Akatazama chini. "Kama moyo utavumilia, kesho, keshokutwa. Kama hautavumilia, tutajua mapema zaidi."

Bi Chupa alivuta kiti. Kwa kawaida mdogo wake ndiye aliyejaza nafasi zote za maongezi. Yeye alizoea kujibu kwa neno moja. Sasa hapakuwa na wa kumjibu.

"Ni mimi," alisema. "Uliuliza kama nakukaripia. Sikuwa nakukaripia. Niliogopa." Kisha akamweleza habari ya chupa, tangu siku mvuvi alipoileta, kwa mpangilio, bila kuruka kitu, jinsi ambavyo angeieleza mbele ya baraza. Alimweleza pia habari za masufuria ya Mama Kisu, na ndevu za bunju, kwa kuwa alijua mdogo wake angecheka. Uso haukusogea. Chozi moja lilimtoka kwenye kona ya jicho la kushoto, lakini muuguzi alisema macho yaliyoshindwa kufumba hutoa machozi yenyewe, na hilo lisihesabiwe.

Hakulihesabu.

Jioni hiyo karatasi zilibanduliwa sokoni, kwenye zahanati na shuleni. Ile ya wodini aliibandua mwenyewe, akaikunja mara nne. Asubuhi alikuwa kwenye kiti kile kile. Shemeji alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameweka saa yake ya mkononi juu ya shuka, kioo juu, kama anavyoweka saa ya mteja anayotaka kuijua kama inapoteza dakika. Mara mbili kabla ya mapambazuko moyo ulikuwa umekwenda kombo, na mara mbili ukarudi.

Mkono wa kulia wa mdogo wake ulikuwa umelazwa kiganja chini. Bi Chupa alikuwa anautazama bila kutarajia chochote, aliposikia sauti ambayo ukucha wake mwenyewe ungeitambua popote: kitu kigumu kikipita juu ya kitu chenye kukwaruza.

"Umeona?" shemeji alinong'ona.

"Usiseme kitu."

Waliinama wote wawili. Ukucha wa kidole cha shahada, wenye chaki chini yake, ulikwaruza shuka tena, kwa urefu wa punje ya mchele. Muuguzi aliitwa, akaja, akasimama, akaona mara ya tatu. Aliuliza saa. Shemeji alimtajia: saa nne na dakika kumi na mbili. Muuguzi akaiandika.